Baiskeli Isiyo na Chuma cha Katikati

Kimumu, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Mpendwa Mama,

Naomba barua hii ikufikie kabla ya maneno ya shangazi Senje. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo nitalieleza. Wewe je, mgongo umepoa? Na ng'ombe wa babu Kuka amezaa, ama bado anatudanganya na hilo tumbo? Huku baridi ni ile ya kuoga ukiomba Mungu.

Utashangaa mbona naandika na simu ipo. Simu ni ya Senje, na Senje huweka spika. Mimi unanijua. Mtu mmoja akinisikiliza sauti inapotea, wakiwa wawili nasahau hata jina langu. Kwa hivyo nimeficha barua ndani ya soksi ya ndugu yangu Barasa, kwenye hizi nguo za mtumba Senje anawatumia. Kama soksi imefika imefunguliwa fundo, ujue kuna mtu amesoma kabla yako.

Mama, nimejua kuendesha baiskeli.

Hiyo nimeiandika peke yake ndiyo uisome vizuri. Unakumbuka vile Baba husema baiskeli ni ya kupeleka mahindi posho mill, si ya wasichana kuchezea? Miaka yote nilikuwa naitazama tu ikiegemea ukuta, wewe ukiipanguza. Sasa huku mwenye ploti yetu ni mama mmoja mzee, mwalimu aliyestaafu. Sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Aliniona nikiangalia baiskeli ya muuza mkate. Jumamosi moja akafungua stoo ya mahindi, akavuta gunia, akatoa baiskeli ya bluu.

"Ni ya kijana wangu Kiprono," akasema. "Chukua. Jifunze."

Wewe ulinifundisha mtu akinipa kitu bila kuombwa, niangalie mkono wake wa pili. Nikaangalia. Ile baiskeli haina chuma cha katikati, ni ile ya kupandwa na mtu wa rinda. Ni kijana gani hununuliwa hiyo? Halafu kila nikianguka, Kogo alikuwa anatoka nje mbio, na si kuniokota. Ni kuuliza. "Umeanguka kwa nini? Ulikuwa unaangalia gurudumu ama mbele? Breki ulishika ya wapi?" Nikijibu, anatingisha kichwa, anarudi ndani.

Nikamwambia Senje. Afadhali ningenyamaza.

"Hapo kuna kitu," Senje akasema. "Huyo mama hatoi hata majani ya chai. Anakupima."

"Ananipima nini?"

"Miguu! Kiprono yuko kule Sugoi anazeeka na trekta, hana bibi. Wewe endelea kupepea na sketi kama bendera ya chifu. Siku utakunywa maziwa ya kibuyu chake mbele za watu, ujue umeolewa."

Nilicheka, lakini lile neno lilibaki. Tangu hapo kila swali la Kogo likawa mtego. Akiuliza kama naogopa mbwa, nawaza mbwa wa Sugoi. Akiuliza kama nitakuwa hapa likizo ya Desemba, nawaza, likizo yangu inamhusu nini? Nikawa namsalimia nikiangalia viatu.

Lakini kuacha sikuacha, Mama. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Ukiwa juu ya baiskeli hakuna mtu anakusimamisha akuulize mbona huongei. Upepo unaongea kwa niaba yako. Kuna mteremko hapa karibu na kanisa, nikiushuka huwa naimba, kwa sauti kabisa, mimi huyu.

Jumamosi iliyopita nikaenda mpaka geti la chuo kule Chepkoilel, nikarudi, bila kuanguka hata mara moja. Goti niliumia baadaye, na ndiyo hiyo hadithi yenyewe. Nilipofika kwa ploti, Kogo alikuwa amesimama getini na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda, na majirani wote nyuma yake.

"Kunywa," akasema.

Nikaangalia kama Kiprono yuko. Nikasema, na hii sauti sijui ilitoka wapi, "Mimi bado niko shule!"

"Shule gani? Kunywa, mtoto. Umerudi mshindi."

Nikajaribu kugeuza baiskeli nitoroke, nikaanguka kwa mtaro. Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Kogo hakucheka. Alifunga kibuyu polepole, akaingia kwake. Hapo ndipo nikakumbuka wale wakimbiaji wa huku wakirudi nyumbani na medali, vile mama zao huwapokea na maziwa. Ilikuwa heshima, na mimi nimeimwaga mtaroni.

Kesho yake nikaenda kumwomba msamaha na kurudisha baiskeli. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya stoo, akafunga mlango wa ua. Akainua rinda kidogo. Ndani alikuwa amevaa suruali ya mvua ya marehemu mzee wake.

"Kiprono hajawahi kuipanda," akasema. "Niliinunua na mshahara wangu wa kwanza. Mama mkwe akaniuliza kama nimeolewa ama nimekuwa tarishi. Nikaifunika. Sasa wewe umeanguka kwa niaba yangu vya kutosha. Shika hapo nyuma."

Nikashika kiti. Mama, ni mzito! Alipiga kelele kama msichana, akaniita majina mabaya, akaniambia nisiachilie, halafu akaniambia niachilie.

Kwa hivyo Senje hakukosea. Mkono wa pili ulikuwepo. Lakini siwezi kumwambia, kwa sababu Kogo ameniapisha; akina mama wa kanisa wakijua watamwimbia nyimbo za kumcheka. Na Senje ameapa kukupigia simu nguo hizi zikishakufikia, uje unitoe huku kabla sijapelekwa Sugoi. Akipiga, tafadhali sema tu, "Mwache, namjua mtoto wangu." Usieleze. Ukija kunichukua nitakuja, siwezi kukataa, lakini hiki ndicho kitu cha kwanza nimewahi kutaka nikakipata.

Msalimie Kuka na tumbo la ng'ombe wake. Barasa mwambie soksi si ya kuchezea mpira. Baba msalimie pia, bila habari hii.

Na kwa vile nimezoea kushuku watu, acha nimalizie na wewe. Ile baiskeli ya Baba ulikuwa unaipanguza hata ikiwa safi. Baba akilala mchana, ulikuwa unashika usukani kwa mikono miwili, unasimama hivyo, halafu unapiga kengele mara moja. Sisi tulidhani unatuita kula.

Nakuja Desemba. Mwambie Baba aitie upepo. Usimwambie kwa nini.

Ni mimi binti yako,
Nanjala