Kikao cha Ndugu Kuhusu Hesabu za Nyumba ya Vyumba Kumi na Viwili

Ndugu zangu, mniwie radhi kwa kuchelewesha kumbukumbu hizi wiki tatu. Mtoto anaota meno. Nikishika kalamu tu, anaamka.

MAHALI: Sebuleni kwa Katibu, Jumapili, saa tisa alasiri.
WALIOHUDHURIA: Kaka Mkubwa (Mwenyekiti), Dada wa Saluni (Mhazini), Mama, Katibu. Mgeni: Shemeji, dalali wa nyumba hiyo.
HAKUHUDHURIA: Kaka Dereva, yuko safarini. Alituma ujumbe: "Mkikubaliana, nimo."

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alipendekeza kwamba pesa za kiwanja alichouza Mama zinunue nyumba hiyo, ili kodi imtunze. Aliomba tusirefushe maneno.

KUMB. NA. 2: TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI
Shemeji alisoma taarifa ya mwaka mmoja. Faida ilipendeza. Mhazini aliuliza "mapato mengineyo" ni nini. Mwenyekiti alimwambia, "Wewe suka nywele, hesabu tuachie." Mhazini alijibu kwamba hata saluni ina hesabu zake, kaka yangu, na swali liko palepale.

Shemeji alikiri kuwa ni amana, yaani pesa anazoweka mpangaji akiingia na kurudishiwa akihama. Mhazini alisema, "Basi hayo si mapato. Ni deni limevalishwa koti." Zikitolewa, faida inabaki nusu. Upande wa matumizi, hakuna amana hata moja iliyorudishwa.

KUMB. NA. 3: WAPANGAJI
Mama, aliyekuwa akimbembeleza mjukuu, alihesabu amana mpya: tisa. Aliuliza, "Watu tisa wamehama mwaka mmoja. Wanakimbia nini, baba?" Shemeji alisema watu wa siku hizi hawatulii.

KUMB. NA. 4: AZIMIO
Mwenyekiti alisema tunamwaibisha shemeji yake. Katibu alieleza kwamba hapingi kununua, na kwamba yeye anamheshimu Shemeji. Ila pesa hizi ndizo dawa na chakula cha Mama, na hana kiwanja kingine. Iliazimiwa malipo yasubiri. Mwenyekiti akasema, "Haya, subirini."

Kikao kilifungwa saa kumi na moja, mtoto akilia.

Mwenyekiti: ……………… Katibu: (nimesaini)

Ninasubiri kutumiwa:
– taarifa za miaka mitatu, siyo mmoja;
– bili za maji na umeme;
– mikataba ya wapangaji waliopo, na amana ya kila mmoja;
– sahihi ya Kaka Mkubwa hapo juu;
– namba ya simu ya mpangaji mmoja tu aliyehama akarudishiwa amana yake. Mama amesema atampigia mwenyewe.