Jiwe Halikulazwa Kifudifudi

Mama,

Tunarudi kwetu. Meli ya kuturudisha Kongo inaondoka kesho, mizigo nimeshafunga, kimebaki kitu kimoja tu, nacho kiko kwako. Nakuandikia uniachie mwanangu Riziki.

Unajua ninachosema. Tangu tukuzike, hali chakula nyumbani. Nikimpikia ugali anasukuma sahani. Lakini adhuhuri, jua likiwa kali na uwanja kimya, namkuta ameketi kando ya jiwe lako la kusagia, midomo imejaa unga wa ulezi. "Koko kanipa," anasema, yaani wewe, bibi yake. Ulezi wenyewe sijanunua tangu ulipoanza kuumwa. Nikiugusa ule unga, una joto, kama umesagwa sasa hivi.

Nakumbuka ulivyonichosha tulipokimbia vita. Wenzetu walipanda mtumbwi na masufuria na magodoro, wewe ukapakata jiwe dogo la mkononi, umelifunga kitenge. Nilikusema njia nzima. Tulipofika hapa Bangwe, ng'ambo hii ya ziwa, ukalikuta lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, limelika katikati kwa mikono ya watu wa kale, ambao hata mama mwenye nyumba hawajui. Ukaweka jiwe lako juu yake. Likakaa sawasawa, halichezi. Mimi nikarudi nyuma, wewe ukacheka: "Mwenyewe alikuwa ananingoja." Na kila uliposaga, kiganja cha kwanza cha unga ulikitupa pembeni, cha huyo mwenyewe.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniambia tulipokosea. Msagaji akifa, jiwe lake hulazwa kifudifudi siku hiyohiyo ili mkono wake upumzike. Kwetu nako ni hivyo hivyo. Ila msibani sisi tulidhani wenyeji watalilaza, maana jiwe kubwa ni la kwao. Wao wakadhani tutalilaza sisi wageni, maana marehemu ni wetu. Likabaki limetazama juu, nawe ukaendelea kusaga.

Juzi tumelilaza, mimi na mama mwenye nyumba, tukisukuma kwa mabega. Jana nimelikuta limegeuka tena. Chini palikuwa na nyayo za Riziki, na pembeni yake zako, nazijua, kile kidole gumba kilichopinda. Niliogopa, Mama, na hapohapo nikafurahi kuziona. Nikakaa chini nikalia.

Nilitaka kuondoka na jiwe dogo, kwa kuwa kaburi halibebeki. Nakuachia. Saga utakavyo, na mwenzako huyo mwenye jiwe nisalimie.

Kwaheri, Mama yangu. Naahidi nitamlisha Riziki mimi mwenyewe, nitamfundisha kusaga ulivyonifundisha, na kila tutakaposaga, kiganja cha kwanza kitakuwa chako. Ila kesho nikiwa nimemshika mkono bandarini, nakuomba, nyamaza. Usimwite. Ukimwita atakuja, Mama. Anakupenda kuliko anavyonipenda mimi.