Tundu Katikati ya Bodi

9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake tu ndilo linamsumbua, na siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Ameikata picha yako gazetini, ile umeshika bodi ya saketi za umeme mkono mmoja na mkono wa pili umeshikwa na mkurugenzi wenu. Akaibandika kwenye kadibodi, akaja nayo hadi chumba changu cha kazi, akautoa mchoro wangu kwenye msumari, akakutundika wewe. Ati, "Hilo karatasi lako limekaa ukutani mwaka mzima, lipumzike." Nikacheka. Nikaukunja mchoro nikautia mtoto wa meza.

Sasa sikiliza. Jana kisanduku chenu kimefika hospitalini kwetu, cha kulinda friji ya damu. Umeme ukikatika na friji ikaanza kupata joto, kinapiga simu chenyewe nyumbani kwa Matroni. Hapa kila kibovu ni changu, kuanzia magurudumu ya vitanda, kwa hiyo kukifunga ni kazi yangu. Na mimi sifungi kitu ukutani kabla sijakiona tumbo.

Nikakifungua. Nikaona modemu, kile kidude cha kupiga simu, cha ukubwa wa kiberiti, imelala palepale nilipoilaza mimi kwenye mchoro wangu. Nikaona ile njia ya waya niliyoipindisha kwa sababu rula yangu ilikuwa imekatika ncha. Na kwenu imepinda. Kiwanda kizima hamna rula?

Halafu katikati ya bodi nikaona tundu lenye skrubu ya chuma. Profesa, tundu hilo ni la nini? Nakuuliza tu.

Dada yako

26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Sisi wazima, kazi tu ndiyo inatumaliza. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto, asingoje niseme mara mbili.

Nimefurahi kisanduku kimefika salama. Nilijua wewe utakifungua tu; tangu utotoni redio ya jirani haikuwa salama mbele yako. Ni kweli, nilipokuja likizo niliutazama ule mchoro wako, na ulinipa mwanga. Lakini dada, modemu ile kila mhandisi anaitumia, na mahali pa kuiweka si pengi. Watu wawili waliokulia nyumba moja kufikiri sawa si ajabu.

Tundu ni la skrubu ya kushikilia bodi kwenye sanduku, isitikisike njiani. Tumeshafunga visanduku thelathini na nane katika hospitali mbalimbali, na maombi yanazidi kuja. Nimepandishwa, sasa ni Mhandisi Mkuu. Mpe mama habari hiyo akiwa ameketi.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi wazima. Mama nilimpa habari akiwa ameketi, akasimama, goti likasahauliwa siku nzima.

Tundu hilo ni la msumari.

Soma tena kama hujaelewa. Mchoro wangu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari juu ya meza yangu. Niliuchora kwa ukubwa halisi, na msumari niliupitisha katikati, pale pasipo na mstari hata mmoja, nisije nikaharibu kazi. Siku nilipompeleka mama kupima macho, ulibaki nyumbani peke yako. Uliweka karatasi juu ya mchoro wangu ukanakili kila kitu, mpaka tundu la msumari wa ukuta wangu.

Miezi mitano nilihangaika na kile kidude. Unakijua: hakifanyi lolote mpaka ukibishie hodi kwa herufi A na T, ndipo kinakusikiliza. Modemu haiguswi bila hodi. Kwangu uliingia hivihivi.

Lakini hilo nitalimeza. Linaloninyima usingizi ni jingine. Pale katikati hapakuwa na mstari kwa sababu hapatakiwi kuwa na kitu. Waya wa simu unaingia kushoto, ubongo wa kisanduku uko kulia, na kati yao niliacha uwazi wa upana wa kidole. Kinachoruhusiwa kuvuka ni modemu tu, maana yenyewe inapitisha maneno bila kupitisha umeme wa nje. Radi ikipiga waya wa simu, inafika kwenye uwazi inakosa pa kukanyaga. Wewe umechukua skrubu ya chuma ukaisimamisha palepale. Umeijengea radi daraja.

Mvua zinaanza mwezi ujao. Waandikie wote thelathini na nane watoe skrubu. Ni kazi ya bisibisi na dakika mbili.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu chooni ofisini, mlango nimeufunga kwa ndani. Unajua unachoniomba? Nikiagiza skrubu zitolewe, swali la kwanza la mkurugenzi litakuwa: tundu liliwekwa la nini? Nijibu nini? Kwamba Mhandisi Mkuu alinakili msumari wa dada yake? Watanifukuza kabla ya chai ya saa nne.

Bodi ilipita majaribio yote. Wiki mbili mezani, haikukosea kupiga simu hata mara moja. Na mvua za mwaka huu wanasema ni haba.

Mimi nadhani una kinyongo, na kinyongo hicho nakijua. Baba alipofariki mmoja wetu ilibidi aache shule, ukawa wewe. Lakini si mimi niliyekutoa darasani, dada. Usinidai maisha yako kila ninapopiga hatua.

Kama una wasiwasi, itoe hiyo skrubu ya kwenu na unyamaze. Sitasema kitu. Barua hii ichane.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo.

Skrubu yetu nimeitoa leo asubuhi, iko kwenye kopo la vifungo. Bodi haijatikisika. Inashikwa na skrubu nne za pembeni, ya tano haikuwa na kazi tangu mwanzo.

Ni kweli, si wewe uliyenitoa shule. Nilitoka mwenyewe, na sijawahi kukudai. Hata leo sikudai. Mchoro chukua, umekuwa wako. Picha ya gazeti ni yako, na cheo ni chako. Waambie umeota. Waambie ulikosea hesabu ukaigundua mwenyewe, watakusifu kwa uangalifu. Jina langu usilitaje, sina kazi nalo huko kwenu. Nakuomba kitu kimoja tu: hizo skrubu thelathini na saba zilizobaki.

Nijibu upesi. Goti la mama limeanza.

Dada yako

27 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Jibu lako sikulipata. Nimekwenda posta mara nne, mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Jumamosi saa tisa alasiri mvua ilipiga, mvua ya radi. Umeme ulikatika mji mzima, na haukurudi mpaka Jumatatu. Kisanduku chetu kilipiga simu kwa Matroni. Alinyanyua mkono wa simu akakutana na ile milio ya modemu, kama jogoo mwenye mafua, akaelewa. Anasema hajawahi kufurahi hivyo kupigiwa kelele. Alikuja mbio na kandambili, tukahamishia damu yote kwenye masanduku ya barafu. Haikuharibika hata chupa moja.

Hospitali ya jirani yetu walingoja simu ambayo haikupigwa. Nao wana kisanduku chenu. Fundi wa kule alinipigia Jumatatu. Alikifungua akakuta modemu imepasuka na skrubu ya katikati imekuwa nyeusi. Friji ilikaa na joto siku mbili bila mtu kujua. Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja alijifungua, damu ikawa haikatiki. Walipofungua friji hapakuwa na chupa inayofaa. Walimtia kwenye gari kumleta kwetu, kwetu tuliokuwa nayo. Alifia njiani. Mtoto ni wa kike, mzima.

Mimi ndiye niliyefungua mlango wa gari, kwa sababu ni gari tunalochangia na wao, kitasa chake ni kibovu na mimi peke yangu ndiye ninayejua kukivuta.

Sina la kukufundisha. Sema sasa. Mwezi wa mvua haujaisha.

Dada yako

20 Mei

Kwa Fundi wa Hospitali

Ndugu,

YAH: KUONDOLEWA KWA SKRUBU BILA IDHINI

Rejea ukaguzi uliofanyika baada ya mvua za tarehe 24 Aprili. Imebainika kuwa kisanduku kilichopo katika hospitali yenu kimechezewa na fundi asiye na idhini, kwa kuondolewa skrubu ya katikati. Ofisi hii inaamini kuwa hitilafu zilizotokea kwingineko zilitokana na skrubu hiyo kulegea au kulegezwa.

Hivyo inaagizwa kwamba skrubu ya katikati ikazwe katika visanduku vyote na kupakwa rangi nyekundu, ili anayeigusa ajulikane. Mkaguzi wetu atafika kwenu kwa kazi hiyo. Aidha, uongozi wa hospitali unashauriwa kuchukua hatua dhidi ya mhusika.

Mhandisi Mkuu

Nakala: Daktari Mkuu

2 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, kwa sababu mama alitulea kusalimiana. Hapa wazima.

Umeniita Ndugu. Nimekaa nalo neno hilo siku kadhaa nikitafuta kama ni ndugu wa ofisini au ndugu wa tumbo moja. Nikatazama chini kwenye sahihi, nikapata jibu.

Mkaguzi wenu amekuja. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni mwa chumba cha damu. Alikuwa na bisibisi, skrubu mpya na kikopo cha rangi. Nilimwambia uwazi ule ni wa nini. Akaniambia, "Dada, hata mimi naona, lakini karatasi imesainiwa." Akaikaza, akaipaka rangi. Kisanduku pekee kilichopona kwa radi sasa kimefanana na vingine. Mimi nimepewa siku saba nijieleze kwa nini unga wangu usimwagike.

Barua yako ya Machi sikuichana. Nisamehe kwa hilo, ni dogo katika yote. Asubuhi ya leo nimeingia kwa Daktari Mkuu na vitu viwili: barua hiyo, na mchoro wangu wenye tarehe, ulioshikwa na mtoto wa meza tangu mama alipoushusha. Aliuinua dirishani, mwanga ukapita kwenye tundu la msumari. Akachukua bodi ya kisanduku cha jirani, ile iliyoungua, aliyoletewa na fundi wao, akaweka mchoro juu yake. Tundu juu ya tundu. Aliita katibu, wakaanza kupiga simu hospitali moja baada ya nyingine, watoe skrubu leo leo. Nimewaacha wamefika ya kumi na moja.

Sikwenda kwa ajili ya kazi yangu. Kazi yangu ningeiacha iende kama nilivyoacha shule. Nilikuwa tayari kukuachia kila kitu, na ulijua, nilikuandikia kwa mkono wangu. Umekataa zawadi, mdogo wangu, na ukaagiza zikazwe. Hapo ndipo uliponishinda. Nakupenda na nakuonea haya kwa wakati mmoja, na sijui nitaviweka wapi vyote viwili.

Mama ameuliza picha yako iko wapi. Nimemwambia nimeishusha. Akaichukua mezani, akaifuta kwa kanga yake, akakaa nayo mapajani. Sijamweleza. Hilo utamweleza wewe, kwa barua au kwa mdomo, na usimwandikie "Ndugu".

Ndani ya bahasha kuna msumari, angalia usikuchome. Nimeung'oa ukutani kwa ajili yako. Mkurugenzi wenu akikuita kukuuliza tundu ni la nini, usihangaike kutafuta maneno. Chukua bodi yoyote pale kiwandani, utoe skrubu, upitishe msumari huu mbele yake. Utaingia wenyewe.

Dada yako