Michembe Aliyokata Eliya

Kaliua,
12 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mume wako Samweli naye anakuamkia, amekaa hapa pembeni ananivuta kalamu. Sisi wazima. Alikohoa karibu wiki nzima lakini sasa anakula. Sijui wewe umeamkaje, mgongo unaendeleaje, na mvua za huko Ziba kama zimefika. Huku imenyesha kidogo, halafu jua kali.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Ngollo mchuuzi wa ng'ombe ameniambia uliizima siku ile tuliyomzika Eliya, ukaitia ndani ya mtungi wa mbegu, ukasema simu iliyokuletea habari ya mwanao haitakuletea habari nyingine. Nimekuelewa, Mama. Hata mimi yangu ikilia nashtuka. Basi Ngollo amekubali kutubebea barua, kwa kuwa kila mara anakuja huku mnadani. Mwandiko wangu unaujua, la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Utasoma hivyo hivyo.

Habari ya huku ni kwamba nimetengeneza kaushio. Bibi shamba wetu, Recheli, alitukusanya akina mama pale kanisani akatuonyesha. Ni kama sanduku lililolala. Chini unaweka bati ulilolipaka masizi, katikati unatandaza wavu wa dirishani, juu unafunika nailoni ya kuonyesha. Mbele unaacha matundu kwa chini, nyuma unaacha matundu kwa juu, hewa inaingia kavu inatoka na unyevu. Nzi hawaingii, mbuzi hafiki, na mvua ikija ghafla hukimbii na ungo kichwani. Nimeanza na embe za ile miembe mizee ya njia ya zamani ya misafara, zinaangukaga tu zinaoza. Zimekauka vizuri, zinakunjika bila kuvunjika, na zinanukia embe, si vumbi. Nimekufungia kidogo. Onja.

Mbao nilikuwa sina. Nimetumia za kitanda. Ni mninga, haupindi juani. Zile za ubavuni zimekuwa kuta, na chaga zimekuwa za kushikilia wavu. Godoro liko chini, tunalala vizuri tu.

Nikiendelea hivi nadhani kifuku hiki, mvua inyeshe isinyeshe, hatutalala njaa.

Mwanao,
Mama Samweli


Ziba,
2 Desemba 2023

Mwanangu Agnetha,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Mvua haijafika. Watu wamepanda kwenye vumbi wanaangalia juu. Mwambie mume wangu nimesikia habari za kikohozi. Mume wa kukohoakohoa simtaki, apone upesi au naolewa kwingine.

Embe nimezipokea. Sijazionja.

Kitanda kile nakijua. Eliya alipokimaliza alinipigia, akasema, Mama, njoo ulale wewe kwanza, nisikie kama kinalia. Nikapanda basi mpaka Tabora, nikapanda treni mpaka kwenu, kwa ajili ya kulalia kitanda. Nikalala. Nikajigeuza huku na huku. Akainama na sikio lake pale chini kama daktari. Hakikulia hata kidogo. Alicheka sana siku ile.

Sasa unaanikia maembe.

Kama ulikuwa hukitaki ungeniambia, ningetafuta gari la kukichukua.

Mimi huku nina gunia la michembe tuliyokata naye Julai, alipokuja kunisalimia mara ya mwisho. Tulikaa na visu na viazi vitamu vimejaa katikati yetu. Nikawa namgombeza, unakata vipande vinene wewe, havitakauka. Akaniambia, Mama, mimi fundi wa mbao, viazi ni kazi yako. Gunia nimelifunga na kamba, lipo kichwani pangu ninapolala. Halijaguswa, na halitaguswa. Hivyo ndivyo kitu cha marehemu kinavyotunzwa.

Mama yako,
Theodora


Kaliua,
17 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Samweli kikohozi kimekwisha kabisa, anasema usiolewe.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Nisamehe. Nilikuambia habari ya kitanda kama mtu anayesema habari ya kuku. Siku hizi nasema kila kitu hivyo.

Sikukivunja kwa kutokitaka. Nilishindwa kukilalia. Upande wake ulikuwa unabaki umetandikwa. Samweli akiamka anaupapasa, ananiuliza baba ameshatoka? Namwambia ameshatoka. Kesho tena anauliza. Siku moja nikachukua nyundo.

Watu walisema msibani huyu atalia baadaye. Mama, sijalia mpaka leo. Nachuma, nakata, naanika, naanua, jua linazama. Mikono ikiwa na kazi sisikii kitu, na mimi naona ndiyo afadhali.

Lakini sikuharibu. Kila chaga niliikuta ina namba yake ya penseli kwa chini, kwa mwandiko wa Eliya, na nimezipanga kwa kufuata namba zake. Misumari nimeirudisha kwenye matundu yale yale.

Nimekufungia nsansa za Krismasi. Ni majani ya kunde ya shamba letu. Recheli ametufundisha kwamba mboga za majani, juu ya nailoni unatandika tena nguo nyeusi, jua lisizichome rangi. Utaona zilivyobaki kijani. Ukiloweka, weka na karanga.

Mwanao,
Mama Samweli


Kaliua,
28 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko salama, ingawa sivyo nilivyosikia.

Ngollo amerudi na mfuko wa nsansa, fundo langu halijafunguliwa. Amenitupia mlangoni, akasema, "Shemeji, mimi kazi yangu kuswaga ng'ombe. Nyinyi mmenitwisha na ugomvi, na ugomvi hauuziki mnadani." Nikamwambia kaa unywe uji. Akakaa. Ndipo akaniambia mengine.

Anasema mvua imewapita, mahindi yamekauka yakiwa urefu wa magoti. Anasema umekonda mpaka kanga inakuzunguka mara mbili. Anasema majirani wakikuletea ugali unawaambia umefunga Kwaresima. Mama, Kwaresima bado. Majivu ni katikati ya mwezi ujao. Hata Mungu atashangaa.

Na gunia limejaa pale kichwani pako.

Mimi si wa kukufundisha. Lakini viazi vile Eliya aliketi akavikata ili wewe uvile wakati kama huu. Usinisamehe mambo ya kitanda kama hutaki, hilo niachie mimi. Ila fungua gunia, Mama. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa la tano, Samweli ana bibi mmoja tu.

Mwenyewe nimemuuliza tumwambie nini bibi. Amesema niandike hivi: "Mke wangu, kula. Usipokula sikununulii kanga." Nimemuuliza, hela ya kanga unayo? Amesema nitakopa kwa Ngollo.

Nsansa nazirudisha kwa Ngollo huyo huyo. Amenung'unika lakini amezichukua.

Mwanao,
Mama Samweli


Kaliua,
18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo.

Ngollo anasema alibisha hodi akasikia unakohoa ndani, hukumfungulia. Mfuko ameuacha kizingitini. Nimemwambia barua hii aisukume chini ya mlango.

Samweli ana malaria. Imempanda kichwani, tuko naye hospitali, yuko kwenye dripu. Leo ametambua jina lake, jana hakutambua. Nimekaa hapa kwenye benchi. Nje kuna jua zuri la kuanikia na sina nilichoanika.

Ningekuja Ziba mwenyewe, sasa unaona. Akipata nguvu za kukaa garini tutakuja wote wawili, hata kama hutufungulii tutakaa hapo nje.

Mwanao


Ziba,
3 Machi 2024

Mwanangu Agnetha,

Mume wangu ameamka? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye. Kama kuna mtu yeyote anakuja huku mpe barua, usimsubiri Ngollo.

Barua yako niliikuta sakafuni. Nikakaa nayo. Nikasema moyoni, mtoto akitoka malaria mdomo unakuwa mchungu, anataka kitu kitamu cha kutafuna. Mwanangu hayupo, lakini mkono wake upo kwenye gunia. Nimtumie mtoto chakula cha baba yake. Nikakata kamba.

Ni unga, Agnetha. Niliingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Dumuzi wamelila gunia lote. Kumbe kile nilichokuwa nasikia kinatafuna kichwani pangu ni hao, mimi nikidhani ni mchwa wa kwenye dari. Nimeshinda njaa kipindi chote hiki nikiwalindia dumuzi.

Nilikaa chini pale pale. Nawe uliniambia hukulia. Mimi pia sikulia. Nilibaki naangalia ule unga kwenye mkono.

Baadaye nikachukua ungo nikapepeta. Vile vyembamba nilivyokata mimi vimekwisha vyote, hakuna hata kimoja. Vilivyobaki ni vinene. Kwa nje vimetobolewa, ukivivunja ndani vizima. Nilimgombeza siku nzima kwa ajili ya vipande hivi.

Nimevifunga kwenye kitambaa, vichache. Angalia, wadudu bado wamo. Nimevianika kwenye ungo, jua likiwapata wanajichimbia ndani, jioni wanatoka tena. Wewe ulisema bibi shamba amewafundisha sanduku la kukaushia, nadhani ndani linawaka kama tanuri.

Viweke kwenye kitanda chake.

Nsansa nimezifungua. Nilipika konzi moja. Sikuweza kumaliza, lakini nilipika. Ni kijani kweli.

Mama yako,
Theodora


Kaliua,
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Mume wako ameamka! Tumetoka hospitali, amekonda miguu kama kunguru lakini anakimbiza kuku na anauliza kila siku kama umekula. Najua Ngollo ameshakuambia, maana nilimtuma kwa simu akapige kelele mlangoni kwako. Mimi pia sijambo.

Vipande vimefika. Sikuvimwaga kwa pamoja. Nilivipanga kimoja kimoja kwenye wavu, nikafunika nailoni, nikaelekeza kaushio kwenye jua. Ilipofika saa sita ukitia mkono ndani huwezi kuuacha. Dumuzi wakaanza kutoka. Wanatoka kwenye matundu yao wanatembea wamelewa, wanadondoka kwenye lile bati jeusi chini, hawainuki. Samweli amelala kifudifudi anawachungulia kupitia matundu, anawacheka.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Haya baba ndiye alikata?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mbona makubwa?"

"Alikuwa fundi wa mbao."

Akatingisha kichwa kama mzee, akasema, "Sasa yamelala pake."

Mama, nililia. Nililia pale juani mpaka Samweli akaenda ndani akaniletea kanga. Nakuambia kwa sababu nilikuambia silii.

Siku mbili zilizofuata niliviacha humo humo mpaka ukikivunja kimoja hakuna kitu kinachotembea. Nusu nimevipika na karanga, Samweli amekula, amelamba na sufuria. Nusu nyingine nakurudishia. Mama, usivifunge kamba. Mume wako anasema umjibu yeye mwenyewe kama umekula, mimi hataki nimsemee.

Mwanao,
Mama Samweli


Ziba,
30 Machi 2024

Mume wangu Samweli,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua hii ni yako, mama yako akusomee tu, asiongeze neno.

Nimepika michembe. Imechelewa sana kuiva kwa sababu baba yako alikata vipande vinene. Maji yakauka nikaongeza. Kuni zikaisha nikaenda kutafuta nyingine. Nikawa namgombeza peke yangu jikoni kama siku ile, jirani akaja kuchungulia nasema na nani. Nikamwambia nasema na mwanangu, kaa chini ule.

Tumekula. Havikubaki.

Kwa hiyo kanga yangu naidai, na usikope kwa Ngollo, huyo mkorofi. Kesho ni Pasaka, nitaivaa hii ya zamani.

Mwambie mama yako nimeitoa simu kwenye mtungi, Ngollo ameondoka nayo kwenda kuichaji. Na mwambie mwezi ujao nakuja na mbegu za kunde. Asihangaike kuniazimia kitanda kwa watu. Nitalala chini na nyinyi kwenye godoro. Kitanda kina kazi.

Mkeo,
Theodora