Chetezo hakiruhusiwi bwenini

Al Amerat, Jumatano jioni

Siku nane tu, kisha Amerika! Leo ofisini nimepiga muhuri barua moja mara mbili kwa furaha, mimi nisiyekosea.

Ila kanuni za bweni la chuo zimenitia hofu. Nimezisoma zote, na moja inakataza kuwasha moto au kufukiza chochote chumbani. Na Bibi keshanitilia sandukuni udi na chetezo cha kuufukizia.

Nilipomwambia alinikazia macho. "Chumba cha watu usowajua, hujakifukiza, utalalaje?"

"Watanifukuza, Bibi."

"Basi toa nguo zote sandukuni."

Akazitandaza moja moja juu ya tenga la kufukizia nguo, chetezo chini yake, hata koti la theluji. "Chumba wamekukataza," akacheka, "nguo hawana la kusema."

Naogopa kulala chumba kimoja na msichana nisiyemjua. Atasemaje akiisikia harufu hii? Lakini sasa hivi nimefungua sanduku, ninuse tu, na moyo umeruka kama vile nimeshafika.

Bibi akaita kutoka ukumbini: "Funga, mwanangu! Ukiimaliza harufu hapa, huko utafika na nini?"

Nimefunga haraka.