Mtu Unayemjua kwa Sura Tu

Jumatatu, 3 Machi

Wasomaji kumi na mmoja! Mwaka na nusu naandika blogu, na wiki nzima wameifungua watu kumi na mmoja. Mmoja ni mimi mwenyewe, nikichungulia kama kuna mtu. Mwingine ni mama, ambaye hufungua, huona maneno ni mengi, hufunga.

Niliandika jinsi watu wanavyojitazama kwenye kioo wakijaribu miwani. Nilidhani nimeandika kitu. Mpimaji – bosi wangu, anayepima macho chumba cha ndani huku mimi nikihudumia wateja wa fremu mezani – alisoma akiwa amesimama, akasema ni kizuri na kinampigisha miayo.

"Wewe si ulisomea mambo ya jamii miaka mitatu?" akaniuliza. "Basi yatumie. Au ulisomea cheti cha kutundika ukutani?"

Imeniuma. Kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimefukua madaftari ya chuo. Kuna wazo moja nililolipenda sana: ndugu na marafiki wa karibu hawakuletei jipya, kwa kuwa wanajua yaleyale unayoyajua. Jipya huletwa na watu wa mbali, wale wa salamu tu, wa kupishana njiani. Uhusiano mwembamba ndio daraja kati ya kundi na kundi.

Kumbe! Nimekuwa nikiwaandikia walewale. Wote wananijua, wote wanajuana. Maneno yangu yanazunguka chumba kimoja kama nzi.

Mpango: niwaandike hao watu wa mbali wenyewe. Kila msomaji aeleze mtu mmoja anayemjua kwa sura tu, kisha aitume posti kwa mtu asiye rafiki yake wa karibu. Asiye rafiki! Hapo ndipo penye ujanja.

Mimi nimeanza na mzee anayekuja kila Jumanne kusafishiwa lenzi. Miaka minne. Simjui jina.

Ijumaa, 7 Machi

Mia nne na sitini!! Nimezihesabu tarakimu kwa kidole. Mpimaji alimwacha mteja kidevu juu ya mashine, akaja kushuhudia mwenyewe.

Na wanaandika! Dereva wa lori ana mwanamke anayempungia mkono dirishani asubuhi. Wiki mbili hakumwona, akashindwa kula. Nesi mmoja anasema kuna bwana anakuja kukaa kwenye benchi la wagonjwa, haumwi kitu. Nimecheka. Nimejifungia chooni nikalia kidogo. Nadharia inafanya kazi – ile ya daftarini kabisa!

Jumapili, 9 Machi

Elfu mbili na mia tatu. Lakini siandiki kwa ajili ya hesabu hiyo.

Kuna maoni ya mwanamke msoma mita za maji. Anasema katika mtaa mmoja anaoupitia kuna seremala mwembamba, mkimya. Alimwona akimwekea jirani mlango. Kila akiweka pimamaji kwenye mbao – kile kijiti chenye kiputo ndani ya kioo – anasubiri kiputo kitulie katikati, halafu anaiambia mbao: "Samaki amelala." Ndipo apige msumari.

Nimesoma mara saba.

Hakuna mtu mwingine duniani anayesema hivyo. Hakuna! Ni neno la kwetu. Kaka yangu alilitunga akiwa na miaka mitano, karakanani kwa baba. Aliona kiputo kinaogelea akakiita samaki. Baba akalichukua moja kwa moja. Hadi siku msumeno wa mashine ulipomkata na kumuua, hakuwahi kusema mbao iko sawa. Samaki amelala. Samaki hajalala.

Baba amekufa. Kaka naye amekufa – ajali ya barabarani, mbali huko alikokwenda kutafuta kazi, miezi minane baada ya baba. Akazikwa hukohuko. Mama ndiye aliyepokea simu. Aliniambia akiwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Sasa huyu ni nani?

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwandikia msoma mita faraghani. Ana alama yoyote huyo fundi? Jibu limekuja saa nne asubuhi, nikiwa na mteja. Kidole cha shahada cha kushoto hakina ncha.

Fremu ilinidondoka mkononi.

Ni yeye. Nilikuwepo kidole kile kilipokatika. Nilikuwa darasa la tano, nilikifunga kwa kitambaa changu cha shule.

Mpimaji alifunga mlango wa duka, akanipa maji, akaketi sakafuni karibu yangu na koti lake jeupe. Nikamweleza yote. Akauliza: "Nani alikwambia amekufa?"

Nikasema ni mama. Alikuwa ameshajijibu.

Jumanne, 11 Machi

Niandike kila kitu kama kilivyokuwa.

Nilimkuta mama anakunja nguo alizoanua. Nikasema, "Mama, kaka yuko hai."

Nilitarajia apige yowe. Aanguke. Mama alimaliza kukunja shuka, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine.

"Nani amekwambia?"

Si "unasema nini?" Si "yuko wapi?" Nani amekwambia!

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku zote. Hunipigia kila mwezi."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Kazini."

Miaka sita! Vyumba vyetu vinatazamana, mlango kwa mlango. Tunakula sufuria moja. Anajua nikikohoa usiku na asubuhi nakuta maji ya moto yamewekwa. Nikampigia kelele, nikamwita muuaji – naona haya kuandika, lakini nilimwita hivyo. Hakujitetea. Alisubiri nichoke.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa kaa. Hapohapo ndipo ulipokuwa umekaa siku ile. Baba yako hana hata wiki kaburini. Ulisema aliyetoa kinga ya msumeno ndiye aliyeua, na utakwenda polisi kutoa ushahidi. Mjomba wenu alikusihi, ukasema hata ipite miaka kumi utakwenda. Mimi nilikuwa nimebaki na watoto wawili, mwanangu. Mmoja amfunge mwenziwe, mimi nibaki na nani?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema mara tatu."

Nilisema. Nakumbuka hata gauni nililovaa. Kaka aliitoa ile kinga inayofunika meno ya msumeno ili apasue ubao mnene, akatoka mara moja kwenda kupokea mzigo, na baba akashika mashine bila kujua. Hayo kaka aliyasema mwenyewe, analia, mbele ya watu. Nami nikayachukua yale machozi nikataka kuyapeleka kituoni.

"Kwa hiyo ukaamua afe?"

"Wewe nikakwambia amekufa. Yeye nikamwambia hutaki hata kulisikia jina lake. Nilidhani ni kwa mwaka mmoja, ukipoa nitasema. Halafu ukalia sana. Nikaogopa kukwambia ulilia bure."

Akachukua foronya, akaanza kuikunja.

Daftari langu linasema watu wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mwalimu aliyetufundisha hilo hajaishi na mama yangu.

Jumatano, 12 Machi

Elfu tisa! Sikuwa hata nimeangalia, Mpimaji ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Wamempa jina: Fundi Samaki. Wanamtaka. Mmoja anauliza mtaa, mwingine anataka ampelekee kabati la kutengeneza, mwingine anasema huyu kuna jambo analikimbia, tulitafute. Saa sita mtu akaweka picha. Mgongo wa mwanamume juu ya ngazi. Shati la bluu, mabega ya baba yangu kabisa.

Mtu amejificha miaka sita kwa sababu yangu, na mimi huyohuyo nimemtumia watu elfu tisa wamchungulie! Na ni kwa ujanja wangu – mtumie asiye rafiki yako. Wametumiana.

Nimefuta posti. Nikafuta na blogu nzima. Mpimaji akasema, "Dada, elfu tisa!" Kisha akasema, "Umefanya vizuri." Lakini nakala zimeshasambaa, sina pa kuzifuata.

Ijumaa, 14 Machi

Mama ameacha simu mezani, wazi, kwenye namba ya kaka. Akaenda kuoga. Alioga muda mrefu kuliko kawaida.

Sikuigusa. Sijui ni hasira, au ni aibu. Ningeanza na neno gani?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nyuma ya kitabu cha miadi, nikiwa mezani. Mwandiko mbaya.

Nilikuwa stoo nikipanga fremu za watoto. Niliporudi mbele, mteja alikuwa ameshaingia chumba cha ndani na Mpimaji. Kadi yake imeachwa hapa, imejazwa. Sikuitazama. Nikasikia Mpimaji anamwambia asome ubaoni.

Akasoma.

Sauti imekuwa nzito. Lakini namna ya kuivuta herufi ya mwisho – Mungu wangu. Nimekaa.

Mpimaji hajui. Anamwambia, "Mstari wa chini." Anajibu, "Siuoni vizuri, daktari." "Jaribu hivyohivyo." Anajaribu.

Kadi hii hapa. Ni mama tu angeweza kumwelekeza duka hili. Jina si lake, amebuni. Tarehe ya kuzaliwa ni yake. Kazi: seremala. Chini kabisa pana mstari ambao wateja wengi hawaujazi, wa mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Ameujaza. Ameandika: *dada yangu*. Na nafasi ya namba ya simu ameiacha wazi, kwa sababu hana. Hajawahi kuwa nayo, niliibadilisha baada ya yeye kuondoka.

Ndani kiti kinasogezwa. Mpimaji anasema tayari, twende nje, dada atakuchagulia fremu.

Nimechukua kalamu nijaze namba yangu. Nimeandika tarakimu tatu. Ya nne n–

Kitasa kinazunguka.