Kisahani Ulichokataa Kutupa

Umetimia mwaka, Mama, tangu ututoke, na hadi leo hakuna mtu humu ndani anayetupa kitu kabla ya kugeuka nyuma kuangalia kama unamwona.

Miaka ishirini na sita ulifanya kazi katika maabara ya hospitali ya macho, ukiotesha vijidudu kwenye visahani ili daktari ajue anapigana na nani. Walikupachika jina la Kesho, maana kila walipokuharakisha ulijibu, "Tukitazame kesho." Baba husema hata yeye ulimtazama miaka minne kabla ya kumkubali, ndipo mvumilivu akala mbivu.

Kubwa kuliko yote ni la yule fundi cherehani. Kijiti kilimchoma jichoni akifagia uwanja, konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikapata kidonda kilichodhaniwa ni cha kuvu, na matone ya kuua kuvu hayakufua dafu. Daktari akapanga kulitoa jicho Jumatatu. Siku mbili zilipita, kisahani chenye sampuli ya jicho lake kikawa hakijaota kitu, na utaratibu ulitaka kitupwe.

"Hamna kitu hapo, mama," alisema mkuu wako. "Tupa tu."

"Bakteria wengine ni wavivu kuota, mkuu. Niachie mpaka kesho."

Ukakirudisha kwenye kabati la joto, ukaandika juu yake MSIGUSE. Jumapili, siku yako ya mapumziko, ukaenda kukichungulia. Vidoa vyeupe vilikuwa vimeota, vikavu kama vumbi la chaki. Wewe ambaye hata mvua haikukukimbiza, ulitimua mbio ukumbi mzima na kisahani mkononi. Daktari wa fundi, aliyekuwa zamu, akainama kwenye hadubini, akaona nyuzi zenye matawi, nyembamba mno kuwa za kuvu.

"Kumbe si kuvu, ni bakteria," alisema. "Upasuaji naufuta."

Dawa ikabadilishwa. Baada ya wiki sita kidonda kilifunga.

Mama, umeshinda. Sasa ukutani mwa maabara pameandikwa kwamba kisahani cha jicho kisitupwe kabla ya wiki tatu. Mwaka huu macho mawili mengine yameponea hapo, na anayefungua kabati lako kila asubuhi ni kitinda mimba wako.

Jana fundi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti chako, akaliziba kwa kiganja jicho lisilowahi kuumwa, akatunga uzi kwenye sindano kwa lile lililokuwa litolewe. Uzi ulipita mara ya kwanza. Baba alilia, nasi tukacheka huku tukilia.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako watatu, dada yako, wajukuu, na fundi cherehani, aliyeomba atajwe kama ndugu.

Hatutakusahau leo, wala kesho.